Fundi wa mashine za kufulia Ngamiani, huyu anajua kazi

Wana Tanga nimepata fundi wa ukweli jamani. Mashine yangu ya kufulia iligoma kutoa maji, inafua vizuri ikifika kukamua inabaki inanguruma tu nguo zinaelea. Fundi wa kwanza aliiangalia dakika 2 akasema pampu imekufa lete 150,000, roho ikakataa.

Huyu wa Ngamiani kitu cha kwanza alichomoa plagi ukutani, sio kuzima swichi tu, akatandika taulo na beseni akafungua kile kifuniko kidogo cha mbele kule chini taratibu maji yatoke kidogo kidogo. Kutoa chujio, mna sarafu ya mia mbili, pini ya mtandio na nyuzi za kanga zimejiviringisha kwenye feni ndogo ya pampu! Kasafisha, kaizungusha kwa kidole, kapima pampu na mita, nzima kabisa. Nimelipa 15,000.

Nikamuonyesha na maikrowevu haipashi, akakataa kuifungua pale jikoni watoto wanapita, akasema ndani kuna kapasita inaweza kubaki na umeme wa volti zaidi ya 2,000 hata ukishachomoa, ataitoa chaji kwanza kwa vifaa vyake ofisini. Hapo ndo nikamuamini kabisa, maana wengi wanabandua tu na bisibisi.

Kasoro yake muda, aliniambia saa nne kaja saa saba. Ila spea mbovu akiitoa anakuachia uione, na risiti anaandika.