ILAM, JSTOR na wenzao: zipi zinamfaa mwanafunzi anayetafiti muziki wa Afrika Mashariki

Mwanafunzi wa chuo akipewa mada kama "ngoma za Wagogo" au "taarabu ya Mombasa", mara nyingi hukimbilia YouTube na kurasa mbili tatu za ensaiklopidia. Hapo tasnifu inaanza kuchechemea. Hazina ya kweli ipo, na sehemu kubwa yake ni bure.

Kwa ngoma na ala za asili, anza na ILAM, maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliianzisha mwaka 1954, na kwa Afrika Mashariki rekodi alizozikusanya Tanganyika, Kenya na Uganda miaka ya mwanzo ya 1950 ndizo uti wa mgongo wake. Mfululizo wake mkuu una santuri 210, na kila moja ina namba inayoanzia na herufi TR. Namba hiyo iandike kwenye daftari lako tangu siku ya kwanza, kwa sababu ukitaka nakala kamili au ruhusa ya kutumia rekodi, unaiandikia maktaba, na namba ndiyo itakayookoa muda wa pande zote mbili.

Thamani ya ILAM haiishii kwenye sauti. Katalogi ya mfululizo huo inataja kabila, mahali, waimbaji, ala, na kwa ala nyingi inatoa mpangilio wa sauti kwa mitetemo kwa sekunde. Anayelinganisha ilimba (ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) za vijiji viwili anapata tarakimu za kufanyia hesabu badala ya kukisia kwa sikio.

Ila rekodi hizo zina mipaka ambayo lazima ielezwe kwenye sura ya mbinu za utafiti. Rekodi nyingi zilifanywa kwa kipimo cha santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, zilizobeba kama dakika tatu kila upande, kwa hiyo ngoma inayokesha utaisikia kipande tu. Tena Tracey alikuwa akishika maikrofoni mkononi na kuisogeza kwa mwimbaji au kwa ala aliyotaka isikike. Ukiandika kwamba "zeze linatawala na ngoma ziko nyuma", huenda unaeleza mkono wa mrekodi, si uchezaji wenyewe.

Kutafuta nako kuna mtego. Majina yamo kwa mtindo wa zama hizo: andika "Gogo" au "Nyamwezi" bila Wa-, na "Tanganyika" badala ya Tanzania. Wengi huandika "Wagogo", wakakosa, wakaenda zao.

Jarida la ILAM, *African Music*, limekuwa likitoka tangu 1954, na matoleo ya nyuma yanasomwa bure mtandaoni. Kwa mwanafunzi asiye na pesa, hakuna cha kulishinda.

Kwa taarabu, ILAM si mahali pa kutegemea sana. Nenda *Swahili Forum*, jarida la bure linalotolewa Ujerumani, ambalo lina makala hata za Kiswahili, kisha JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma. Akaunti ya bure ya JSTOR inakuruhusu kusoma hadi makala 100 kila siku 30, lakini kwenye skrini tu. Kupakua makala nyingi kunahitaji chuo chako kiwe kimejiunga. Usifungue makala ovyo kwa kuchungulia, maana zinahesabiwa. Kisanduku cha utafutaji kijaze hivi:

(taarab* OR tarabu) AND (Zanzibar OR Mombasa OR Lamu)

OR na AND ziwe herufi kubwa. Kinyota kinaleta "taarab" na "taarabu" pamoja. Ukiacha majina ya miji na kuandika "tarab" peke yake, utazama kwenye makala za muziki wa Misri. Matokeo yakizidi, bana kwa kichwa cha makala, usibane kwa muhtasari: makala nyingi za zamani hazina muhtasari kabisa, kwa hiyo zitapotea zote, na humo ndimo zilimo nyingi za muziki wetu.

Grove Music Online, ensaiklopidia ya muziki, ni ya kulipia, na inafaa kwa jambo moja hasa: orodha ya vitabu mwishoni mwa kila makala. RILM, faharasa ya maandishi kuhusu muziki, ni bora zaidi kwa kujua nani ameandika nini, nayo pia hulipiwa. Kabla hujakata tamaa, muulize mkutubi ni zipi zinapatikana kupitia miungano ya maktaba, COTUL kwa Tanzania au KLISC kwa Kenya, na namna ya kuingia ukiwa nje ya chuo. Wanafunzi wengi hawajui kwamba ada yao imeshazilipia baadhi. IMSLP, maktaba ya nota mtandaoni, ni hazina kwa nota za Bach. Kwa taarabu usipoteze bando.

Mkusanyo wa sauti wa British Library uliondoka mtandaoni baada ya shambulio la kimtandao la Oktoba 2023, kwa hiyo kiungo ulichokikuta kwenye tasnifu ya zamani kijaribu kwanza kabla ya kukinukuu.

Kutunza rejea, programu ya Zotero ni bure, na nafasi yake ya megabaiti 300 inatosha ukihifadhi PDF kwenye kompyuta yako mwenyewe. Kasoro inajitokeza kwenye majina yetu: Siti binti Saad atageuzwa kuwa "Saad, S. binti". Bonyeza kitufe kidogo kando ya jina, sehemu mbili ziwe moja, kisha uliandike jina zima.