October Sky: roketi iliyotoka shimoni

Kile ambacho watu wa Coalwood, mji wa filamu hii, walikiona kikikatiza nyota Oktoba 1957, kwa uwezekano mkubwa, hakikuwa Sputnik, setilaiti ya kwanza ya Wasovieti. Sputnik lilikuwa tufe la sentimita 58, kilo 83 na ushee. Kwa macho matupu hulipati kirahisi. Kilichong'aa ni kipande kikubwa cha roketi iliyolirusha, kilichobaki kikizunguka nyuma yake. Filamu hailisemi hilo, na mimi nimefundisha fizikia miaka kumi na minne, siwezi kulinyamazia. Nimeshalisema. Tuendelee, maana mengine mengi wameyapatia.

October Sky ni ya 1999, imeongozwa na Joe Johnston, dakika 108. Imetokana na kitabu cha Homer Hickam kuhusu ujana wake Coalwood, mji mdogo wa makaa ya mawe huko West Virginia, Marekani. Kampuni ya mgodi inamiliki nyumba, duka, mpaka kanisa. Mvulana akimaliza shule anashuka shimoni alikoshuka baba yake, isipokuwa yule mmoja anayejua mpira akapata ufadhili wa chuo. Homer hajui mpira. Anaona kile kinuru angani, na kesho yake anatangaza mezani kwamba atatengeneza roketi. Ya kwanza inang'oa uzio wa mama yake.

Nafundisha shule ya kata hapa Mirerani, Tanzania, kwenye machimbo ya tanzanite. Kwa hiyo sikuiangalia filamu hii kama anavyoiangalia mtu wa Masaki, mtaa wa matajiri Dar es Salaam. Nusu ya darasa langu la kidato cha tatu ni watoto wa wanaapolo, yaani wachimbaji wadogo, na wawili watatu waliwahi kuwa "nyoka", wale watoto wembamba wanaopenyezwa kwenye vichuguu ambavyo mtu mzima hapiti. Hawa hawahitaji kuelezwa kwa nini mama wa Homer anasimama dirishani king'ora kikilia.

Mara ya kwanza niliikuta kibanda umiza, ukumbi wa video wa mtaani, imetafsiriwa kwa sauti na DJ. Nacheka nikikumbuka. Baba wa Homer, DJ alimwita "kauzu kama dagaa", na hapo hakukosea sana. Lakini ilipofika sehemu ambayo kwangu ndiyo moyo wa filamu nzima, DJ akasema, "Hesabu hapo, hesabu, hesabu, tusonge," akanyamaza mpaka mapigano yaliyofuata. Nikatoka pale nimekasirika, nikaitafuta nakala isiyo na DJ, na Jumamosi moja nikaazima projekta ya kanisani nikawaonyesha wanafunzi wangu wenyewe, mashuka mawili ya bluu yakiwa mapazia ya darasa.

Sehemu yenyewe ni hii. Msitu umeungua, na wavulana wanakamatwa na polisi wakiwa shuleni, pingu mikononi mbele ya wenzao, kwa madai kwamba roketi yao iliyopotea ndiyo iliyowasha moto. Hakuna wakili anayekuja kuwaokoa, wala mjomba mwenye cheo. Anachofanya Homer ni kufungua kitabu. Roketi ilichukua sekunde 14 kuanguka. Ukijua muda, unajua kimo. Ukijua kimo na upepo, unajua ilitua wapi. Anakwenda na rafiki yake Quentin mpaka pale namba zilipowaelekeza, mbali na moto, na roketi ipo. Kumbe msitu uliunguzwa na fataki ya ishara ya ndege.

Hapo nilisimamisha filamu. Nikaandika ubaoni ½ × 9.8 × 14 × 14, nikawaambia wapige. Binti mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye mtihani wa muhula alipata 31, alisema "Mia tisa sitini, madam," kabla sijashusha chaki. Mita 960. Kwenye filamu wanatumia futi, lakini jibu ni lile lile. Nimefundisha mlinganyo huo kila mwaka, kila mwaka wanaukariri kwa ajili ya mtihani na kuusahau Desemba. Siku hiyo waliona ukimtoa mtu pingu.

Hilo ndilo linaloitofautisha na filamu nyingi za aina hii. Kwa kawaida mtoto wa kijijini ana ndoto, watu wanamcheka, muziki unapanda, anashinda. Humu kuna muziki unaopanda pia, Mark Isham hakutubania vinanda, lakini katikati kuna kazi. Roketi zinalala chali, zinageuka, zinamfukuza aliyeziwasha. Moja inaingia eneo la mgodi nusura iue watu. Wanabadilisha baruti, wanabadilisha chuma, wanaongeza nozeli, kile kikoo kinachoubana moto kabla ya kuuachia nyuma. Wavulana wa kweli waliishia kutumia unga wa zinki na salfa uliokandwa kwa pombe ya magendo. Niliposema "yaani gongo", darasa lilikaa dakika tano bila kutulia.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niipendekeze kwa watu wa miji kama wetu. Wengi wanaisifu kama hadithi ya kijana aliyeukimbia mgodi. Mimi nadhani wameangalia nusu. Hesabuni vitu. Chuma cha roketi kinatoka karakana ya mgodi. Anayechomelea ni Bykovsky, fundi wa mgodi, na baba anapogundua anamhamishia chini kama adhabu, na huko chini anafia. Anayeendelea baada yake ni Bolden, fundi mwingine wa karakana ile ile. Uwanja wa kurushia, ambao kina Homer wa kweli waliuita Cape Coalwood, ulikuwa jalala la mabaki ya makaa. Hata pale vifaa vinapoibwa kwenye maonyesho ya kitaifa ya sayansi kule Indianapolis, simu inapigwa nyumbani, na baba inabidi akubaliane na chama cha wafanyakazi waliogoma ili karakana ifunguliwe, chuma kikerezwe, kifungwe, kipakiwe kwenye basi usiku huo huo. Roketi ile kila skrubu yake imetoka shimoni. Homer aliondoka Coalwood, sawa, lakini aliondoka amebebwa na mgodi.

Ndiyo maana Chris Cooper, anayeigiza baba, ndiye aliyenishika kuliko Jake Gyllenhaal, ingawa kijana anafanya vizuri na ana yale macho ya mtu asiyelala. Cooper hampi mtazamaji kisingizio cha kumchukia. Ni msimamizi wa mgodi, anaupenda, anaujua kila ufa wake, na hasira yake ni ya mtu ambaye mwanawe ameambiwa kwamba kazi iliyomlisha ni aibu. Kuna tukio Homer anashuka shimoni kwa mara ya kwanza kufanya kazi, lifti inazama, anatazama juu, anga linapungua mpaka linakuwa kama sarafu. Baba hayupo kwenye picha hiyo, lakini ndiye unayemfikiria: ameshuka hivyo miaka mingapi?

Hapo hapo pana uongo mkubwa wa filamu, na mnunuzi ana haki ya kuujua. Homer wa kweli hakuacha shule akawe mchimbaji baba alipoumia; alifanya kazi mgodini baadaye, likizo ya chuo. Baba naye aliitwa Homer pia. Jina la John ni la filamu. Wavulana nao walikuwa sita, kwenye filamu wamebaki wanne. Mambo ya majina sina ugomvi nayo. La kuacha shule linaniudhi kidogo, kwa sababu wanafunzi wangu wanaoacha kweli kwenda shimoni hawarudi kwa tukio moja zuri na hotuba ya mwalimu.

Na mwalimu mwenyewe. Laura Dern anaigiza Miss Riley, mwalimu wa sayansi anayewasukuma wavulana mpaka wafike, huku akiugua saratani. Freida Riley wa kweli alifariki 1969 akiwa na miaka 31. Dern anatulia vizuri, halii ovyo, lakini mwandishi amempa kazi mbili tu, kutia moyo na kufa. Ningependa kumwona akisahihisha madaftari saa nne usiku, au akigombana na mkuu wa shule kuhusu chaki. Wasichana wengine ndiyo kabisa: wapo wanatabasamu pembeni ya gari. Yule binti wa 960 aliniuliza, "Madam, wao roketi hawaruhusiwi?" Nikamwambia ilikuwa 1957. Akasema, "Filamu si wametengeneza 1999?" Sikuwa na jibu.

Mwisho sitausimulia wote. Nitasema tu kwamba baba anakuja uwanjani siku ya roketi ya mwisho, na Homer anampa yeye kitufe abonyeze. Kisha picha halisi za wavulana wale, zilizopigwa kwa kamera ya nyumbani, zinapita pamoja na maandishi: baba alikufa kwa mapafu yaliyojaa vumbi la makaa, Homer akawa mhandisi NASA akiwafundisha wanaanga. Kwenye neno "vumbi" nilimsikia mtu akikohoa gizani, na sidhani alikuwa anatania.

Kwa wanaouliza kama inafaa watoto: ndiyo, kuanzia miaka kumi na miwili hivi, kuna matusi machache na kifo cha mgodini kinachoonyeshwa bila damu nyingi. Kiingereza chake kina lafudhi ya milimani, maandishi chini ya picha yatawasaidia. Epukeni toleo la DJ. Alama yangu ni 80 kwa 100. Kumi nimekata kwa wasichana, tano kwa vinanda, tano kwa kuacha shule. Na kwa wanaopenda michezo ya herufi, panga upya October Sky upate Rocket Boys, jina la kitabu. Darasa langu walikata herufi moja moja ubaoni hadi zikaisha, wakashangilia kuliko walivyoshangilia roketi.

Jumatatu iliyofuata nilimnyang'anya mvulana mmoja bomba la chuma, refu kama mkono, upande mmoja limezibwa kwa mbao. Hapa baruti hazitafutwi mbali, kila baba anajua zilipo, kwa hiyo sikutaka mzaha. Nilimchapa maneno makali na bomba likaingia drooni. Alhamisi baba yake akaja, vumbi la shimoni bado kwenye nyusi, kofia mkononi.

"Shikamoo, mwalimu." Ananizidi miaka kumi, lakini shuleni wananisalimia hivyo. "Nimefuata bomba. Ni la kompresa yangu."

Nikamtolea, nikamweleza mwanawe alitaka kulifanyia nini, nikitegemea atawaka. Aliligeuza, akalipima unene kwa ukucha, akaligonga kwenye ukingo wa meza yangu akasikiliza.

"Hili lingepasuka," akasema. "Ninalo jingine, nene."