Ua nyota la harufu ya mzoga: miezi saba nalo, natoa nyota 4

Wapenda maua wa Dar, hili nimelinunua kwenye vitalu vya pembeni ya barabara njia ya Bagamoyo, elfu nane kopo, muuzaji aliniambia kaktasi ya nyota ila sio kaktasi kabisa, jina la kitaalamu ni Stapelia gigantea.

Mwanzoni utaona vishina tu, vinene, vya kijani, vina kona nne, urefu haufiki hata rula. We subiri. Tumba lilivimba kila siku mpaka likapita ngumi, asubuhi moja nakuta limefunguka, ncha tano, nikachukua tepu ya cherehani nikapima sentimita 29 na wanasema linafika hadi 40, rangi manjano iliyopauka na vimistari vyekundu vingi kama alama za vidole, ukingoni vinyweleo laini. Nilikaa nalo mpaka chai ikapoa.

Sasa harufu. Ni mzoga jamani. Nilikua nimeliweka chini ya dirisha la bibi, akasema kuna panya kafia ndani, tukasogeza kabati na vitanda, mpaka mdogo wangu akaona nzi wamelijaa ua. Nzi ndo wabeba chavua wake, anadhani kapata nyama anataga mayai palepale, funza wakitoka hawana cha kula.

Ujanja huohuo unao lile ua jitu la kisiwa cha Sumatra kule Indonesia, Amorphophallus titanum, linapanda hadi mita 3 na likichanua ni siku moja au mbili tu, watu wanapanga foleni kwenye nyumba za vioo za mimea kama bustani ya Kew kule London kulinusa. Letu linaota porini hapahapa Tanzania mpaka Afrika Kusini na bado watu wanalipita kitaluni wanakimbilia mawaridi, inaniuma kweli.

Nyota moja namkata muuzaji, hakunitajia harufu na alinipa kwenye udongo mweusi mzito, masika ikaozesha vishina viwili. Nikakata vizima, nikaviacha kivulini siku nne kidonda kikauke, nikapanda kwenye mchanga na kokoto, maji kidogo sana. Vimeshika vyote.

Liwekeni mbali na madirisha, langu liko juu ya ukuta karibu na geti. Kuna tumba jingine sasa hivi na bibi kila asubuhi anauliza limefunguka, anataka aliwahi kabla ya nzi.