Treni ya Arusha: mpira mmoja wa breki, abiria wote porini

Haya ni maoni yangu, kwa nyota, ya safari ya treni ya kutoka Moshi kwenda Arusha. Mambo ya viti na nauli kaulizeni dirishani. Mimi nina neno na mpira wa breki.

Tumeshaipita Usa River, Arusha ile pale, treni ikajifunga ghafla. Mpira unaopitisha hewa ya breki kutoka behewa hadi behewa umepasuka. Hapo sina ugomvi. Mpira ukipasuka breki zinajikamata zenyewe, ndivyo zilivyoundwa. Bila hivyo mabehewa yangeweza kurudi nyuma yenyewe, maana Arusha iko juu kuliko Moshi kwa zaidi ya mita 500.

Tiba yake haina uchawi: kaza breki za mkono, funga vilango (vali za bomba la hewa) pande zote mbili, fungua mpira mbovu kwa spana, funga mpya na washa yake (pete ya kuzuia hewa isivuje), fungua vilango, subiri presha ikae sawa, jaribu breki hadi behewa la mwisho. Kwa fundi mzoefu, nusu saa ni nyingi. Sasa mpira wa akiba uko wapi? Haupo! Ukaagizwa Moshi, ukaja kwa bodaboda.

Abiria mmoja akashauri wafunge kilango cha mbele tu, safari iendelee. Gadi, yule msimamizi wa treni, akakataa, na hapo namuunga mkono: mabehewa yote ya nyuma yangebaki yamekamata, na ukiyalegeza kwa mkono yanakwenda bila breki za dereva. Lakini mama mwenye mtoto mchanga alipouliza kwa upole tutaondoka lini, gadi huyohuyo akamjibu, "Mama, si ungepanda Kosta?"

Wanaume wazima tukanyamaza!

Reli hii ilifika Moshi 1911 na Arusha 1929. Abiria wakaikosa miaka mingi, ikarudi Moshi 2019, Arusha 2020. Mtaani wanasema barabara ya lami ndiyo iliyoiua. Imechangia, sikatai. Ila kalavati, yaani njia ya maji chini ya reli, lisipozibuliwa kabla ya masika, maji yanapanda tuta na kuzoa kokoto, mataruma yanayobeba reli yanabaki yananing'inia, na kila treni lazima itambae hapo. Ratiba inavurugika, watu wanahamia stendi. Halafu gadi naye anawafukuza waliobaki!

Nyota moja. Haya, mwenye viroba vya vitunguu aongeze ya pili, kwenye basi utasumbuliwa zaidi na mzigo. Na ukitoka Moshi mchana kaa dirisha la kulia, milima yote miwili, Kilimanjaro na Meru, iko upande huo. Tatu? Hapana, yule gadi bado yupo kazini. Moja.