Fundi wa Chamazi aliyeipata "ko ko" ya mbele iliyonitesa miezi mitatu

Wakuu, hii nawaandikia wote mnaoendesha pikipiki za kazi na mnasikia kitu kinagonga mbele mkishika breki au mkipita kwenye matuta. Hiyo kitu mimi imenilia hela miezi mitatu mpaka nikaja kupelekwa kwa mzee mmoja anafanyia kazi chini ya mwembe huku Chamazi, hana bango wala fremu, ana benchi la mbao na sanduku la spana basi, ila kwa jinsi anavyotafuta ugonjwa kabla hajagusa nati hata moja sijaona fundi mwingine wa hivyo Dar nzima.

Pikipiki yangu ni cc 150, napiga kazi kati ya Mbagala Rangi Tatu na Mbande, abiria, magunia, mitungi ya gesi, na nyumbani kwangu ni njia ya vumbi na mashimo matupu. Ilianza na "ko" moja kavu kila nikibana breki ya mbele, ukiisikiliza ni kama mtu kagonga bomba la chuma kwa spana. Baada ya wiki kama mbili ikawa hata kwenye vituta vidogo, ko ko ko ko. Halafu usukani nao ukaharibika, kwenye foleni nikiwa mdogo mdogo pikipiki inataka kwenda kushoto naivuta, inakwenda kulia naivuta tena, hainyooki. Kuna mama nilimbeba siku hiyo akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu umekunywa?" Mimi sinywi, na ile kauli iliniuma mpaka usiku.

Fundi wa kwanza simtaji. Alikuja, akabana breki ya mbele, akaisukuma pikipiki mbele nyuma mara mbili, ikalia ko, akasema shokapu hizo. Oili sili mpya, oili mpya, na ufundi, 28,000. Ko ikabaki pale pale. Wiki iliyofuata akasema basi ni beringi za tairi, 17,000 ikaondoka, ko ipo. Mara ya tatu akachukua spana kubwa akaikaza ile nati ya juu katikati ya usukani kwa nguvu zake zote, 5,000, na kweli kugonga kukaisha. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikagundua usukani umekuwa mzito na ukifika katikati unanasa kama una kijishimo, kuyumba kukazidi, nikikata kona usukani haurudi wenyewe, mpaka niurudishe kwa mkono. Nikiwa na abiria mzito nyuma nilikuwa naogopa kweli kweli, na mtu anayeogopa usukani wake hatakiwi kubeba binadamu.

Ndo kijiweni wakanielekeza kwa huyu mzee. Nikafika, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, inasemaje? Nikaanza kumwambia ni shokapu, akaninyamazisha kwa mkono, akaanza maswali. Inagonga ukishika breki tu au hata bila breki? Ukiingia shimoni au tairi ikiwa inarudi chini baada ya tuta? Ulishawahi kuanguka nayo? Na unaioshea wapi? Hilo la mwisho nikashangaa, nikamwambia pale kwa wale vijana wenye mashine ya presha. Akatikisa kichwa tu.

Sasa sikilizeni alivyopima maana hapa ndipo nilipoona tofauti. Kaiweka kwenye stendi kubwa, kijana wake kakaa kwenye kerea ya nyuma mpaka tairi ya mbele ikaning'inia. Akaanza kuzungusha usukani kushoto kulia kwa kidole kimoja, taratibu sana, kama anatafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Akanipa na mimi nijaribu, nikauhisi ule mnaso wa katikati wazi kabisa. Akashika tairi juu na chini akaitikisa ubavuni, haikucheza, akasema beringi za tairi ni nzima, hazina tatizo. Kisha akachuchumaa mbele, akashika miguu ya shokapu kule chini, akavuta kwake na kusukuma. Ko. Hapo hapo akachukua kidole changu akakiweka shingoni, pale ambapo fremu inakutana na kile chuma cha chini kinachoshika shokapu, akasema shika hapo usitoe. Akavuta tena. Ndugu zangu, niliuhisi mchezo wenyewe chini ya kidole, chuma kinaenda kinarudi. Miezi mitatu na hela yote ile, kumbe jibu lilikuwa kwenye ncha ya kidole changu.

Nikamuuliza mbona yule mwingine alisukuma akasema shokapu. Akanijibu kile kipimo cha kubana breki na kusukuma pikipiki ikiwa chini kinadanganya kwa sababu kinatikisa kila kitu kwa pamoja, breki, shokapu, ekseli na shingo, na mlio wa chuma unatembea, unasikia mlio hapa kumbe unatoka kule. Kwa hiyo lazima ukishike kimoja kimoja. Mchezo ukiuona kati ya bomba la juu la shokapu na mguu wake wa chini, hiyo ni shokapu imeisha. Ikigonga pale tu inaponyooka baada ya tuta, angalia oili ndani kama imepungua. Ikilia ukibana breki tu na vingine vyote vimetulia, nenda kwenye breki yenyewe, kama ni ya disiki basi pedi zinacheza, kama ni ya viatu angalia ile sahani yake inapokaa kwenye mguu wa shokapu.

Na hakuishia hapo, akapitia bolti za madigadi, taa, vishikio vya usukani, akakaza moja ya madigadi iliyokuwa inazunguka kwa mkono. Akakuta pia waya wa chaja ya simu niliyofungiwa mwaka jana umebanwa pamoja na kebo ya klachi, ukikata kushoto mpaka mwisho unavuta. Akaufungua akaupitisha kwingine. Mwenyewe wala sikuwahi kuufikiria.

Kufungua sasa. Gololi za chini za shingo, zile ambazo usukani unazungukia juu yake, zilitoka na kutu, rangi ya kahawia, grisi hamna, kuna tope tu. Bakuli la chini, yaani kile kikombe cha chuma ambamo gololi zinakaa, lina vishimo vimejipanga kama mtu amebonyeza kichwa cha msumari mmoja baada ya mwingine, na vile vya mbele na nyuma ndo virefu zaidi. Akanieleza kwamba shingo ikilegea gololi zinagonga pale pale zinapokaa ukiwa unaenda mbele moja kwa moja, zinachimba, halafu mtu akija kukaza tu ndo anazizamisha kwenye vishimo, ndo maana usukani ulikuwa unanasa katikati. Hapo kukaza hakuponyi, ni kubadilisha. Na grisi iliondolewa na ile presha ya maji, maji yakaingia, kutu ikafanya yake. Tangu siku hiyo naosha kwa ndoo na kitambaa.

Spea hauzi. Anakupa kile cha zamani mkononi uende nacho dukani wakulinganishie, nilinunua seti 14,000 na grisi 2,000. Kuna zile za beringi za roli badala ya gololi, akasema ni nzuri zaidi kwa sababu mzigo unalala kwenye mstari mzima wa roli wakati gololi inagusa nukta tu, ila lazima saizi na kimo viwe vile vile, za pikipiki yangu sikuzipata siku hiyo nikachukua gololi.

Kufunga alinifurahisha sana. Bakuli jipya hakuligonga uso, alilaza lile la zamani juu yake akapiga nyundo taratibu kuzunguka mpaka mlio ukabadilika, ukatoka kuwa wa uwazi ukawa mzito, akasema limekaa. Grisi kapaka nyingi, gololi zinajinatia zenyewe. Nati akaikaza kidogo, akazungusha usukani mwisho hadi mwisho mara nyingi, akailegeza kidogo tena, mpaka ukiuweka usukani katikati na kuugusa tu, tairi inaanguka yenyewe upande wowote bila kunasa, na ukivuta shokapu hakuna ko. Kisha nati ya juu, na baada ya hiyo akapima upya kwa sababu alisema ile ya juu huwa inaongeza kukaza. Mwisho akalegeza bolti za shokapu na ekseli akaunyoosha usukani uliokuwa umeangalia pembeni kidogo toka nilivyoanguka Januari.

Ubaya wake upo na nausema. Ni mtu wa pole pole mno, nimeingia saa nne nimetoka saa kumi, siku ya kazi imekwisha. Simu hapokei. Anaoshea vyuma kwa petroli na hatua chache pembeni kuna mama lishe ana jiko la mkaa, hilo nilimwambia na nitamwambia tena, si sawa kabisa. Na ukimwambia "mzee we kaza tu niende" hakukazii, anakurudishia ufunguo, wengine wanamwona ana kiburi, mimi namwelewa.

Ufundi 15,000, jumla na spea 31,000. Kule kwingine nilishaacha 50,000. Akaniambia nikitembea kama kilomita 500 nirudi kwa sababu bakuli mpya hujikalisha, nikarudi, kweli mchezo kidogo sana ulikuwepo, akageuza nati kidogo tu, hela hakuchukua. Leo ni wiki ya saba, Kilwa Road spidi 70 na abiria nyuma imetulia, nabana breki kwenye mteremko hamna mlio. Yule mama nimembeba tena wiki iliyopita, alishuka akanipa hela yake akasema Mungu akulinde mwanangu.

Mkienda nendeni asubuhi mapema, na pikipiki msiioshe kabla, ipelekeni na vumbi lake, anataka kuona oili inavujia wapi.