Kizibao cha chini ya deraya: bega la ustadi, matundu ya uongo

Nilisema ningoje hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa. Mimi hucheza mapambano ya kivita ya kale, na niliagiza kizibao cha kuvaa chini ya deraya ya mabamba, yaani vazi la chuma la vita, kwa fundi mmoja wa huku Ulaya, wale wa kutumiwa vipimo na kungojewa miezi. Msinunue kwake. Au hebu nieleze kwanza, maana jambo hili linaniuma pande mbili.

Deraya ya karne ya 15 haikai mwilini yenyewe, inaning'inia. Mabamba ya mikono yanafungwa kwa kamba zinazopita kwenye matundu ya mkono wa kizibao, ya mapaja yanafungwa kiunoni, na kizibao lazima kibane kiuno sawasawa ili uzito ukae kwenye nyonga, usivute mabega. Wengi wanadhani nguo hii ni godoro la kuzuia mapigo. Chini ya mabamba sivyo: chuma ndicho kinachozuia. Zile nguo nene za tabaka 25 au 30 za kitambaa zilivaliwa na askari ambao nguo yenyewe ndiyo ilikuwa deraya yao. Yako maandishi ya Kiingereza ya katikati ya karne ya 15, leo yamo maktaba ya Morgan mjini New York, yanayoeleza jinsi ya kumvisha mtu anayekwenda kupigana kwa miguu: asivae shati, avae kizibao cha fustiani, kitambaa kizito, chenye bitana ya atlasi, kilichojaa matundu. Kamba zake ziwe za uzi ule ule wa kusokotea kamba za pinde za kufyatulia, zipakwe nta ya washona viatu, ndipo hazitavutika wala kukatika. Mwandishi yule alijua kamba na tundu ndizo roho ya nguo.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Kiangazi, uwanjani, kaskazini mwa Uingereza, pambano letu la pili siku ile. Nimepiga hatua kwa mguu wa kushoto, nikasikia kiunoni kitu kimefyatuka, kisha kingine. Bamba la paja lote likashuka mpaka gotini. Goti halikunjiki, mguu hauinuki. Mwenzangu akashusha silaha, akaja kunifungua mikanda huku nimeshikilia bega lake nisianguke. Nilipoinama kutafuta kamba iliyokatika, niliikuta nzima, imefungika vizuri kabisa. Kilichotoka ni tundu lenyewe. Lilikuwa kwenye majani: kipete cha shaba, kimezungushiwa uzi wa kitani pande zote, na ukingoni kimebaki na manyoya ya kitambaa kilichochanika.

Nilikitazama nisiamini. Nililipia matundu ya kushonwa kwa mkono. Niliandika hivyo kwenye agizo, akajibu ndiyo, kwa mkono. Kumbe alitoboa kitambaa kwa chuma cha kukatia, akagongea vipete kama vya turubai la lori, halafu akavifunika kwa uzi ili vifanane na kazi ya sindano. Huo uzi haushiki chochote. Ni pazia.

Mimi ni mtu wa Lamu. Nyanya yangu alishona kofia za vito, na mwenye kuijua kofia ya vito anajua ninasema nini. Vile vitundu vidogo vidogo havikatwi. Sindano inapita, nyuzi za kitambaa zinasukumwa kando bila kukatika, halafu uzi unazungushwa ukingoni, mkazo baada ya mkazo, mpaka tundu linasimama. Kofia moja humla mtu miezi. Kizibao ni hivyo hivyo, ila badala ya sindano unatanguliza msharasi, kile chuma chenye ncha cha washona viatu. Nyuzi zikisukumwa zinabaki nzima na zote zinabeba. Ukizikata, hakuna kinachobeba, na shaba haishiki hewa. Mtoto aliyekaa jamvini pembeni ya nyanya yangu angemwambia.

Nikampelekea picha, kwa adabu kabisa, nikimwita bwana fundi. Jibu lake lilikuja usiku: je, nimewahi kuvaa deraya kabla? Kisha: huenda nimenenepa tangu nipime. Kisha: wateja wote hufurahi, wanaolalamikia matundu ni watu wa makumbusho. Neno la pole sikuliona. Hilo la kunenepa limenikaa kooni mpaka leo, maana kiuno kilikuwa sawa! Kiuno ndicho alichokipatia!

Na hapa ndipo uchungu wangu. Yule bwana anajua kushona. Bega la kizibao kile amelikata duara kubwa linaloingia kifuani na mgongoni, mtindo wa kizibao cha Charles de Blois, aliyegombea utawala wa Brittany huko Ufaransa akauawa vitani Auray mwaka 1364, ambacho kimehifadhiwa katika makumbusho mjini Lyon. Ninainua mkono mpaka juu ya kichwa, na pindo la chini halipandi hata kidole. Sijawahi kuvaa nguo ya namna hiyo, na nimevaa kadhaa. Kama angekuwa mbabaishaji ningemsamehe na kumsahau. Lakini aliyeweza bega lile alijua vyema alichokuwa akifanya kiunoni.

Nyota moja, basi. Nilitaka kutoa mbili kwa ajili ya bega, nikakumbuka ile barua ya usiku.

Nimeng'oa vipete vyote 24. Palipochanika nimetia kiraka cha kitani kwa ndani, nikatoboa upya kwa msharasi pembeni ya majeraha ya zamani, nikashona mwenyewe, uzi umepakwa nta, matundu mawili kwa jioni nikijitahidi. Vidole vimefanya sugu. Tangu hapo nimepigana nacho mara tatu na bamba la paja halijashuka hata unene wa ukucha. Kwa kweli sasa ndicho kizibao bora nilicho nacho, na ukiniuliza leo kama nakiuza, siuzi. Kwa hiyo sijui niwaambie nini. Mwenye sindano na subira, anunue kwa ajili ya bega na ajue matundu ni kazi yake. Asiye navyo akae mbali.

Vile vipete nimevitia kwenye bahasha, vyote 24, uzi wake ungali umevizunguka, nimempelekea kwa posta. Hajajibu.