Peremende za Tambi na Chokoleti kwa Sikukuu: Tathmini ya Viungo Vinavyopatikana Kampala

Marekani, Krismasi inapokaribia, watu wengi huandaa peremende zisizohitaji oveni: chokoleti huyeyushwa pamoja na siagi ya karanga, tambi kavu zilizokaangwa huchanganywa humo, kisha mchanganyiko huchotwa kwa kijiko na kuachwa ugande. Kwa kuwa hakuna upishi wa kuficha kiungo dhaifu, ladha yote hutegemea kile kilichonunuliwa, na ndiyo sababu ninatathmini hapa viungo vitatu tunavyoweza kuvipata Kampala.

Tambi za paketi, zile zinazoiva kwa dakika chache, zinafaa kabisa, kwa sababu nyingi huwa zimekwisha kukaangwa kiwandani. Zivunjwe vipande vidogo na kukaushwa kwenye kikaango kisicho na mafuta, kwa moto mdogo, mpaka zipate rangi ya dhahabu. Hapo huwa rahisi kuzitafuna na harufu ya unga mbichi hutoweka. Kipakiti cha viungo vya mchuzi kiwekwe kando. Spageti haifai, kwani haikukaangwa na hubaki ngumu mno.

Karanga ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Unga wa karanga mbichi, ule wa rangi ya waridi unaopikiwa mchuzi wa kulia matoke, usitumike hata kidogo, kwa kuwa peremende hizi haziivishwi. Kinachotakiwa ni karanga zilizokaangwa na kusagwa hadi zikawa laini. Binafsi ninaipa nafasi ya kwanza odii ya kaskazini, inayosagwa kwa karanga na simsim (ufuta): ule uchungu mdogo wa simsim hupunguza utamu wa chokoleti, jambo ambalo siagi ya karanga ya kopo, yenye sukari tayari, haiwezi kulifanya. Mafuta yakiwa yamepanda juu, yakorogwe kwanza.

Kuhusu chokoleti, nchi yetu inalima kakao, hasa Bundibugyo, chini ya milima ya Rwenzori, na chokoleti nyeusi inayotengenezwa hapa nchini ina ladha nzito inayostahili bei yake. Ile ya bei nafuu, iliyowekewa mafuta ya mimea badala ya mafuta ya kakao, huganda haraka lakini huacha utando ulimini. Gramu 300 za chokoleti, nusu kikombe cha odii na gramu 140 za tambi zinatosha familia. Bakuli la kuyeyushia liwekwe juu ya sufuria ya maji moto bila kugusa maji, kwani hata matone machache yakiingia, chokoleti hukakamaa na kuwa chengachenga.

Zikishaganda, zihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko kinachobana, hata ndani ya friji, maana unyevu hulainisha tambi na peremende hupoteza sifa yake kuu. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, kwa hiyo anayezipeleka Gulu au Arua kwa basi la mchana ni afadhali atumie ile chokoleti ya bei nafuu, pamoja na upungufu wake, na ile nzuri aiandalie wageni watakaokula nyumbani.